Pauni nane na viatu vizuri: Mwanafunzi asiye na fedha anavyoweza kufaidi usiku wa okestra London

Ni saa tatu usiku Morogoro. Mama amemaliza kuosha vyombo, ameketi sebuleni na simu mkononi. London, ambako wakati wa kiangazi saa zao huwa nyuma ya zetu kwa saa mbili, ndiyo kwanza saa moja jioni na jua bado linawaka. Simu inapokelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umekula?"

"Nimekula mama."

"Na leo umetoka nje hata kidogo?"

Kimya. "Nina kazi nyingi mama. Naandika tasnifu."

Wazazi wengi wenye watoto wanaosoma ughaibuni wanayajua mazungumzo ya namna hii. Mama humjua mwanawe kwa sauti. Anaijua "nimekula" ya kweli, na anaijua ile inayosemwa ili yeye alale kwa amani.

Ukiangalia kalenda ya masomo utaelewa kwa nini simu za Julai na Agosti huwa nzito. Shahada ya uzamili Uingereza kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, kuanzia Septemba hadi Septemba. Vipindi vya darasani huisha kabla ya kiangazi, na miezi inayobaki ni ya tasnifu. Wanafunzi wenyeji hurudi makwao. Bwenini husikika mlango mmoja mmoja. Fedha iliyokusanywa na ukoo mzima kabla ya safari inaelekea ukingoni, na viza ya mwanafunzi wa shahada humruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Kila anachofikiria kukifanya nje ya chumba, kwanza anakipigia hesabu. Mwishowe anaona heri abaki ndani.

Upweke wa aina hiyo si deko. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya 2025 kuhusu mahusiano ya kijamii, lilieleza kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana ni miongoni mwa wanaoumia zaidi. Huathiri usingizi, hamu ya kula na moyo wa kusoma. Mwanafunzi mwenyewe huwa wa mwisho kuliona tatizo, maana anajiambia kuwa anabana matumizi.

Hata hivyo, majuma hayohayo ambayo bweni limenyamaza, katika jiji hilohilo, kuna jengo kubwa la duara ambalo karibu kila jioni hujaa sauti za fidla, tarumbeta na ngoma kubwa. Na mlangoni pake pauni nane zinatosha.

Shilingi moja ya mwaka 1895

Jengo hilo ni Royal Albert Hall, lililofunguliwa mwaka 1871, lenye uwezo wa kuchukua watu zaidi ya 5,000. Tamasha linalofanyika humo kila mwaka huitwa Proms. Huanza katikati ya Julai na kumalizika katikati ya Septemba, takriban wiki nane, na huwa na maonyesho zaidi ya 70. Okestra bora za Uingereza hupiga hapo, na nyingine hutoka Ulaya, Marekani na kwingineko.

Mtu akitazama bei za viti vizuri anaweza kufunga kompyuta na kurudi kitandani. Lakini Proms ina tiketi ya kusimama, na ni siri iliyo wazi ambayo wanafunzi wengi wa Kiafrika hupitisha mwaka mzima London bila kuisikia. Katika misimu ya karibuni imeuzwa pauni nane, kati ya Sh25,000 na Sh30,000 za Tanzania. Huuzwa siku ya onyesho lenyewe, na bei ni hiyohiyo awe anapiga mwanamuziki maarufu kuliko wote au asiyejulikana.

Wala si hisani iliyobuniwa juzi kwa ajili ya maskini. Ndivyo tamasha lilivyozaliwa. Proms ya kwanza ilifanyika Agosti 10, 1895, katika ukumbi ulioitwa Queen's Hall. Meneja wa ukumbi huo, Robert Newman, alitaka kuwazoesha watu wa kawaida muziki wa okestra, akamchukua kijana wa miaka 26, Henry Wood, awe mwongozaji. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Watu walisimama, walitembeatembea, walikula na hata kuvuta sigara muziki ukiendelea. Jina Proms lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kutembea kwa starehe.

Kwa wasomaji wa habari za afya, kuna jambo jingine la kufurahisha. Fedha za kuanzisha tamasha zilitolewa na daktari. George Cathcart alikuwa bingwa wa magonjwa ya sikio, pua na koo, na waimbaji walikuwa wagonjwa wake. Alitoa fedha kwa masharti mawili: Wood awe ndiye mwongozaji, na okestra ishushe kiwango cha juu cha sauti kilichotumika Uingereza wakati huo, ifuate kile cha chini kilichotumika bara Ulaya. Daktari aliona kwamba kiwango cha juu kilikuwa kinaumiza koo za waimbaji. Kwa hiyo tamasha hili lilianza na mambo mawili: bei ya mtu wa kawaida na afya ya koo.

Mei 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu ya Wajerumani yaliiteketeza Queen's Hall. Tamasha likahamia Royal Albert Hall, likaja na desturi yake ya kusimama.

Wa bei ndogo ndiye aliye mbele

Hapa ndipo wengi hushangaa. Nyumbani tumezoea kuwa anayelipa kidogo hukaa nyuma. Kwenye Proms, sehemu kubwa ya kusimama, inayoitwa Arena, iko chini kabisa katikati ya ukumbi, mbele ya jukwaa. Aliyewahi kufika anaweza kusimama hatua chache tu kutoka kwa wapiga fidla, akaona upinde unavyotetemeka na jasho linavyomtoka mwongozaji. Waliolipa mara tano au kumi zaidi yake wamemzunguka kwenye viti, wengi wao wakiwa mbali zaidi na jukwaa.

Sehemu ya pili ya kusimama ni Gallery, roshani ya juu kabisa karibu na paa. Huko wanamuziki huonekana wadogo kama vidole, lakini kuna nafasi ya kutosha, na wengine hukaa sakafuni au hata kujinyoosha chali wakasikiliza wakiwa wamefumba macho. Mwenye mgongo unaouma, au aliyechoka na tasnifu, huko kunamfaa zaidi.

Arena ina wenyeji wake, watu wanaokuja jioni baada ya jioni kwa miaka mingi. Wana utani wao. Mfuniko wa piano kubwa unapoinuliwa kabla ya onyesho, walio Arena hupiga ukelele kama wabeba mizigo wanaohimizana, na walio Gallery huwaitikia. Wakati wa mapumziko hupaza sauti kwa pamoja kutangaza michango wanayokusanya kwa ajili ya mashirika ya kusaidia wanamuziki. Kwa mgeni aliyekaa siku nne bila kuzungumza na mtu uso kwa uso, kucheka pamoja na watu mia kadhaa asiowajua si jambo dogo.

"Huo si muziki wetu"

Sababu ya pili inayowazuia wengi si fedha. Ni ile hofu ya kuonekana mshamba. Muziki wa okestra unaonekana wa wazee wa Kizungu waliovaa suti, na kwamba ili uufurahie ni lazima uwe umeusomea.

Lakini jiulize. Ni kwaya ngapi za mijini hapa kwetu huimba "Haleluya" ya Handel Krismasi na Pasaka? Aliyekulia kwenye kwaya ya parokia au usharika ameshaimba kazi ya mtunzi aliyezikwa London mwaka 1759, na pengine anaijua sauti yake ya alto au besi bila kutazama karatasi. Aliyekulia Unguja, Mombasa au Tanga amesikia fidla zikijibizana na kanuni, udi na akodiani kwenye taarabu asilia. Anajua kwamba kipande cha ala tupu huja kwanza, mwimbaji baadaye, na kwamba wimbo mmoja unaweza kwenda zaidi ya dakika kumi bila mtu kulalamika. Masikio hayo yameshafundishwa. Anachokutana nacho London ni namna nyingine ya kitu anachokijua.

Tena Mwafrika hakuingia kwenye muziki huu jana. Mwishoni mwa miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870, kijana kutoka Sierra Leone, Daniel Taylor, alikuwa Uingereza akisomea udaktari, mwanafunzi wa kigeni kama hawa wa leo. Alirudi Afrika Magharibi. Mwaka 1875 alizaliwa mwanawe London, akaitwa Samuel Coleridge-Taylor, akalelewa na mama yake Mwingereza huko Croydon. Akiwa na miaka 15 alijiunga na Royal College of Music, chuo ambacho leo kiko nyuma tu ya Royal Albert Hall. Mwaka 1898, akiwa na miaka 23, alitoa kazi ya kwaya na okestra iliyosimulia habari za Hiawatha, ikampa jina Uingereza na Marekani.

Kuna fundisho la fedha katika maisha yake pia. Aliuza haki za kazi hiyo kwa mchapishaji kwa malipo ya mara moja, kiasi kidogo, na nakala zilipouzwa kwa wingi hakupata kitu. Alikufa kwa nimonia mwaka 1912 akiwa na miaka 37. Kuanzia 1924 hadi 1939, Royal Albert Hall ilijaa karibu kila kiangazi watu waliokuja kuangalia Hiawatha ikiigizwa. Anayesimama Arena leo anasimama mahali ambapo kazi ya mtoto wa mwanafunzi Mwafrika ilijaza ukumbi.

Kwa walio hai, wengi wanamkumbuka kijana aliyepiga selo kwenye harusi ya Prince Harry na Meghan Mei 2018. Huyo ni Sheku Kanneh-Mason, ambaye mama yake alizaliwa Sierra Leone. Ipo pia okestra ya Chineke!, iliyoanzishwa mwaka 2015 na mpigaji wa besi kubwa ya nyuzi, Chi-chi Nwanoku, ambayo wanamuziki wake wengi ni weusi au wa jamii nyingine za wachache. Ilipiga Proms kwa mara ya kwanza mwaka 2017.

Hesabu ya jioni moja

Tuseme binti wa Morogoro ameamua kwenda. Anatumia kiasi gani?

Tiketi ni pauni nane. Huuzwa kwenye tovuti ya ukumbi asubuhi ya siku yenyewe, hivyo ni vizuri ajisajili na kuweka taarifa za kadi yake siku moja kabla. Aangalie saa ya kufunguliwa kwa mauzo kwenye tovuti, kwa sababu kwa maonyesho yenye wasanii wakubwa tiketi huisha mapema. Akipenda kupata bila kukimbizana, achague jioni ya Jumatatu au Jumanne yenye mtunzi asiyejulikana sana. Muziki hautakuwa mbaya, na nafasi ya kusogea mbele itakuwa kubwa.

Usafiri ni pauni tatu na nusu. Basi la London ni pauni 1.75, na ukishagusisha kadi mara ya kwanza unaweza kubadilisha mabasi ndani ya saa moja bila kulipa tena. Treni ya chini ya ardhi ni ya haraka, lakini kwa kawaida ni ghali zaidi. Mabasi namba 9 na 52 hupita mbele ya ukumbi. Asibebe fedha taslimu kwa ajili ya nauli, kwani mabasi ya London hayapokei tangu 2014.

Chakula ale nyumbani. Chakula na vinywaji vinavyouzwa kumbini vinaweza kumeza bajeti yote. Wali maharage wa saa kumi na moja jioni humfikisha saa nne usiku bila shida.

Jumla ni pauni 11 na nusu. Kwa London, chakula cha kununua cha mtu mmoja na soda yake kinaweza kufika hapo, na chenyewe kinaliwa kwa dakika 15. Onyesho ni kama saa mbili.

Mavazi hayana gharama. Hakuna sheria ya suti. Arena watu huvaa jinzi, fulana na raba. Akitaka kuvaa kitenge chake avae, hakuna atakayemshangaa.

Miguu, maji na masikio

Kusimama saa mbili kunahitaji maandalizi kidogo. Mtu akisimama wima bila kusogea, hasa kwenye joto, damu hukusanyika miguuni, msukumo wake kuelekea kwenye ubongo hupungua na anaweza kuzimia. Kwa mtu mwenye afya njema si ugonjwa, lakini kuanguka kunaweza kuumiza. Kinga yake ni rahisi:

Kula kabla ya kutoka, na kunywa maji ya kutosha mchana kutwa.

Vaa viatu vya chini ulivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya viache nyumbani.

Usikaze magoti. Hamisha uzito mguu huu na ule, inua visigino na kuvishusha, ili misuli ya nyuma ya mguu isukume damu juu.

Ukiona giza linaingia machoni, jasho jembamba linakutoka au masikio yanaziba, keti sakafuni papo hapo na uinamishe kichwa. Usione haya. Kabla ya onyesho na wakati wa mapumziko, watu wengi hukaa chini hata bila kuumwa.

Mwenye kisukari abebe kitu kitamu kidogo mfukoni. Mwenye selimundu avae nguo nzito ya kutosha wakati wa kurudi, kwa sababu usiku wa London huweza kuwa baridi hata Agosti. Mwenye ulemavu au tatizo la kusimama awasiliane na ukumbi mapema aulizie nafasi zilizotengwa.

Kuhusu masikio, habari ni njema. Okestra haihitaji spika. Sauti hupanda na kushuka, na dakika za kishindo kwa kawaida hufuatwa na dakika za utulivu. Kinachotishia zaidi masikio ya wanafunzi ni vile vya kuchomeka masikioni wanavyolala navyo. WHO inashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Binti anayesoma na kulala akiwa na muziki masikioni anaweza kumaliza saa hizo kabla ya Ijumaa.

Adabu za ukumbini

Simu izimwe kabisa, isiwe kwenye mtetemo tu. Peremende ya kikohozi ifunguliwe karatasi kabla muziki haujaanza, maana katika ukimya ule sauti ya karatasi husikika mbali.

Makofi ndiyo huwatia watu wasiwasi. Simfoni huwa na sehemu kadhaa, mara nyingi nne, na kati ya sehemu na sehemu kuna ukimya mfupi. Kwa desturi watu hawapigi makofi hapo, husubiri mwisho. Njia salama kwa mgeni ni kumtazama mwongozaji: akishusha mikono kabisa na kugeukia watazamaji, ndipo. Na ukikosea, utakuta wengine wamekosea pamoja nawe. Hilo hutokea mara kwa mara kwenye Proms na hakuna anayefukuzwa.

Inasaidia kusikiliza kazi yenyewe mara moja kabla ya kwenda, kwa simu, ukiwa unapika. Ukiijua nyimbo hata moja ndani yake, unaposikia ikiibuka kutoka kwa watu 80 walio mbele yako, mwili husisimka.

Na kwenda peke yako si aibu. Arena ina watu wengi waliokuja peke yao. Swali moja tu, "Umeshawahi kuisikia hii?", hutosha kufungua mazungumzo ya mapumziko yote.

Septemba ikipita

Tamasha likiisha, mwaka wa masomo mpya huwa unaanza, na nafasi hazijaisha. Wigmore Hall, ukumbi mdogo wa viti kama 550 uliofunguliwa 1901, una mpango wa tiketi za pauni tano kwa wenye umri chini ya miaka 35. Royal College of Music na Royal Academy of Music hufanya maonyesho mengi ya wanafunzi wao, na mengi ni ya bure. Wapigaji hao ni wa rika moja na msikilizaji, nao mikono inawatetemeka kwa woga wa mtihani. Kwa mwanafunzi mwenzao, hilo lenyewe linafariji.

Kwa anayependa kwaya, St Paul's na Westminster Abbey zina ibada ya jioni inayoimbwa, na kuingia kwenye ibada hakulipiwi ingawa watalii hulipia kuingia mchana. Ni ibada, si onyesho, hivyo anayeingia akae kwa heshima.

Walio nje ya London nao waulize. Vyuo vingi vyenye idara ya muziki hufanya maonyesho ya mchana. Aliye Vienna anaweza kusimama kwenye opera ya taifa, ambako wasimamaji wana desturi ya kufunga skafu kwenye chuma kilicho mbele yao kama alama kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe.

Muziki si mbadala wa daktari

Mwaka 2019 WHO ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaeleza kuwa sanaa, muziki ukiwamo, ina mchango katika kukinga maradhi, kupunguza msongo na kusaidia wagonjwa. Hiyo haina maana kwamba tiketi ni dawa ya sonona. Jioni moja humtoa mtu chumbani, humpa sababu ya kuoga na kuvaa, humweka katikati ya watu. Kwa aliyechoka, hiyo yaweza kutosha. Kwa anayeumwa haitoshi.

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mwanafunzi hana raha na chochote, halali au analala mchana kutwa, amepoteza hamu ya kula, au anasema maneno ya kukata tamaa ya kuishi, anahitaji msaada wa kitaalamu. Wazazi wajue jambo hili: mtoto aliyeomba viza ya masomo ya zaidi ya miezi sita akiwa nje ya Uingereza alishalipa ada ya huduma za afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa wanafunzi. Ana haki ya kujiandikisha kwa daktari wa eneo lake na kumwona bila kulipa. Wengi hawajiandikishi mpaka waumwe. Vyuo vina washauri nasaha. Na kwa usiku ule mgumu ambao hakuna wa kumpigia, simu ya Samaritans, namba 116 123, haina malipo na hupokelewa saa 24.

Zawadi ya mzazi

Fedha inayotumwa kutoka nyumbani huwa ina jina: ya kodi, ya chakula, ya vitabu. Mtoto mwenye adabu hathubutu kuitoa pauni nane akaenda kusikiliza muziki, kwa sababu anamwona mama yake sokoni, anaiona shamba lililouzwa. Ruhusa hiyo hawezi kujipa mwenyewe. Inabidi itoke kwa mzazi.

Basi mara moja katika kiangazi, kama hali inaruhusu, mzazi atume pauni 12 peke yake, na amwambie mtoto kwamba hizi si za mchele. Halafu simu ya siku inayofuata iwe na maswali mapya.

"Enhe, ulikwenda?"

"Nilikwenda mama. Jamani mama, ile ngoma kubwa ikipigwa, unaisikia mpaka tumboni."

"Na ulikaa wapi?"

"Sikukaa. Nilisimama."

"Masikini mwanangu! Saa mbili umesimama?"

"Mbele kabisa, mama. Waliolipa nyingi walikuwa nyuma yangu."

Mama anacheka. Anasahau hata kuuliza kama amekula.